Filimbi ya Mtamba Wangu

Nimesemwa kwa mengi katika maisha yangu, lakini la kuuza mtamba ili ninunue filimbi ndilo lililopigiwa kelele kuliko yote. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alilisema amesimama katikati ya uwanja wangu, majirani wasikie bila kujisumbua kusogea.

"Mjane anauza ng'ombe, ananunua kidude cha watoto!"

"Ng'ombe ni wangu," nikamwambia. "Mama yake nilipewa na baba yangu. Wewe ulimkamua lini?"

"Mwanamke hapigi hata mluzi, sembuse filimbi. Siku ya misa ya mwaka wa marehemu utakaa mkekani na wajane wenzako, kimya."

"Mkekani nitakaa. Kimya, hapana."

Ngoja nieleze, maana asiyenijua atadhani nilikuwa nimechanganyikiwa na msiba. Baba yangu hakujaliwa mtoto wa kiume. Ng'ombe hawana habari na hilo, wao wanataka kuchungwa tu, nikawachunga mimi. Shule niliiacha darasa la pili. Huko malishoni nikajifunza kupiga filimbi ya tete, na upo wimbo wa kurudisha ng'ombe nyumbani. Unaanzia juu, halafu unateremka taratibu, unaegemea huku na huku, kama ng'ombe wanavyoteremka kwenye mawe kufuata maji ya ziwa. Siku moja ng'ombe wangu waliingia kwenye mtama wa watu. Kijana wa shamba lile akaja na fimbo akiifuata sauti ya filimbi, amchape huyo mvulana mzembe. Akanikuta mimi. Fimbo akaishusha.

Huyo ndiye aliyenioa, na ndiye niliyekuja kumzika. Miaka yote tuliyokaa pamoja, akiwa na raha jioni ataniambia, "Mama, walete ng'ombe nyumbani," hata kama ng'ombe wamo zizini wanacheua. Najua anataka wimbo. Mwaka wa msiba ulipokaribia kwisha nikaamua: nitawaleta tena, mbele ya watu, siku ya misa yake. Shemeji akipenda asipende.

Shida ilikuwa chombo. Matete nayajua, yanapasuka, na wimbo ule unataka sauti nene kuliko ya tete. Parokiani walikuwa wametuletea akina mama filimbi za plastiki, zile za kushika wima, zenye mdomo kama wa bata. Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje zimefunguliwa mlango, kila kitu plastiki: ndoo, viatu, maua ya altareni, na vibuyu vya maziwa vimefukuzwa na madumu. Nilijifunza vidole kwenye filimbi hiyo, sikatai. Lakini plastiki ina moyo mmoja. Ukiipuliza polepole inalegea kama mgonjwa, ukiongeza pumzi inapiga yowe. Ukikaa nayo kidogo inajaa mate, inakoroma. Nyimbo za watoto inaziweza. Wangu haikuuweza. Mwalimu wa kwaya akaniambia zipo za mti, umbo ni lile lile na vidole ni vile vile, zinauzwa mjini. Ndipo mtamba akaenda mnadani.

Nikavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga mpaka Mwanza, nikaenda moja kwa moja kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeuza ngoma, magitaa na vinanda vya kupepea kwa mkono. Duka lilikuwa la babu yake, naye alizaliwa hapo hapo Mwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nataka filimbi ya mti. Niletee zote."

Akaweka tatu juu ya meza. Nilipoinua ya kwanza kuipeleka mdomoni akanyoosha mkono haraka.

"Mama, mdomo hapana! Ukiitia mdomoni, hiyo ni ndoa."

"Mara ya kwanza niliolewa bila kuonja," nikamwambia. "Safari hii naonja."

Alicheka mpaka akashika meza. Akatoa kitambaa safi, akapangusa midomo ya zote tatu, akanisogezea.

Ya kwanza iling'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikainusa: rangi tupu, harufu ya mti hakuna. Nikaipuliza. Sauti kubwa, ya kiburi, lakini nilipopunguza pumzi ikanyamaza kabisa. Mtu asiyejua kunong'ona simtaki nyumbani kwangu. Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito, nzuri sana. Nilikwenda nayo mlangoni nikachungulia ndani kwenye mwanga kama ninavyochungulia kibuyu kabla ya kukinunua, nikaona ufa mwembamba kama unywele karibu na mguu wake. Nikairudisha mezani. Ya tatu ilikuwa na rangi ya mwiko ambao haujaingia chunguni. Haikupakwa chochote cha kung'aa. Nikaziba matundu yote, nikatoa pumzi ndogo, ile ya kumpuliza mtoto aliyeingiwa na vumbi jichoni. Ikaitika. Nikaongeza, ikanenepa bila kupiga yowe. Nikatelezesha kidole taratibu kwenye tundu, na sauti ikateremka kwa miguu yake yenyewe, hatua kwa hatua, haikuruka.

Nilijikuta nimefumba macho dukani kwa watu.

"Hiyo imekaa sana hapa, mama," akasema. "Wanasema haing'ai. Chukua ile ya kwanza, nakupunguzia."

"Kioo ninacho nyumbani."

Akanifungia ile ya tatu kwenye gazeti, akanionya: mwili wake nipake mafuta kidogo mara moja moja, lakini ndani ya mdomo kuna kizibo cha mti laini kinachokunywa mate ili sauti isilowe. "Kizibo hakipakwi kitu, mama. Hata tone."

Nikasikia. Lakini nilisikia peke yangu, nyumbani sikumwambia mtu.

Siku moja kabla ya misa nilikwenda ziwani kuteka maji ya wageni. Nyumbani alibaki wifi yangu, mdogo wa marehemu. Tangu mtamba auzwe alikuwa hajaniambia neno, zuri wala baya. Kwetu chombo kipya, kiwe kibuyu au cha mti, hakiingii kazini kabla ya kulishwa samli. Niliporudi, filimbi ilikuwa kwenye kigoda inang'aa, samli mpaka kooni.

"Nimekulishia," akasema, macho chini. "Chombo kikavu kinapasuka. Cha kaka kisije kikapasuka mbele ya watu."

Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimkaripie. Nikakitia filimbi. Nikapuliza, ikatoka sauti ya mtu aliyezibwa mdomo kwa kitambaa.

"Mbona haisemi?"

"Umeishibisha mno."

Tulikaa chini wote wawili. Tukakisukuma kizibo nje kwa mpini wa mwiko, tukapangusa kwa kipande cha kanga, tukaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tukaanika kivulini. Wifi alikuwa akilia na kufukuza kuku. Kizibo kilikuwa kimeshakunywa, kimevimba, kikarudi kwa shida. Sauti ikaja nusu, imekauka koo.

Kesho yake padri aliposhuka altareni pale uwanjani kwangu chini ya turubai, mimi nilikuwa mkekani kama nilivyoamriwa. Sikuinuka. Nikaitoa filimbi ndani ya kanga, nikaanza. Kule juu ilikwaruza. Watu wakageuka. Nikaendelea mpaka ng'ombe wangu wakawa katikati ya mawe, ndipo shemeji akasimama.

"Si nilisema? Mtamba mzima, na kidude chenyewe kimeshaharibika!"

Nikaitoa mdomoni. "Hakijaharibika, shemeji. Kimekula samli ya nyumba yenu."

Wifi akacheka, kicheko kikubwa, msibani, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga na kumtazama kaka yake.

"Kaka, kaa chini. Ng'ombe hawajafika nyumbani."

Shemeji akaangalia watu, hakuna aliyemsaidia. Akakaa. Nami nikaanza upya, kutoka juu kabisa.