Kumtafuta Nyambura Kariandusi

Nilikwenda Kariandusi kwa sababu mama yangu aliniomba, na mama yangu si mtu wa kuomba. Ameshapita miaka themanini, anakaa nami hapa Kiamunyi, Nakuru, na magoti yake yamegoma. Mwaka huu baada ya Pasaka alianza kumtaja mama yake mzazi, ambaye maisha yangu yote sikuwa nimesikia akimtaja hata mara tano. Bibi huyo, cucu wangu, aliitwa Nyambura. Alifariki akijifungua, yeye na mtoto, katika laini, zile nyumba za wafanyakazi wa machimbo, Mama akiwa na miaka sita hivi. Guka, yaani babu yangu, alikuwa akichimba ule udongo mweupe wa Kariandusi. Baada ya msiba alimbeba Mama akahamia Molo, akaoa tena, na habari za Nyambura zikakomea hapo.

Kwa wasomaji wasio Wakikuyu nieleze jambo moja, maana safari yote ilitokana nalo. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na wa pili jina la mama wa mama. Hivyo ndivyo bibi anavyorudi nyumbani. Mama alijaliwa binti mmoja tu, mimi Wanjiru, na jina langu ni la upande wa baba. Akangoja binti wa pili, wakaja wavulana wanne. Nyambura hakurudi.

"Hakuna mtoto anabeba jina yake," Mama aliniambia tukichambua mboga. "Hata kwa jiwe hajaandikwa. Mimi nikienda, ataitwa na nani?"

Alitaka kaburi litafutwe, lijengewe kwa simiti, na msalaba wenye jina usimamishwe juu yake. Hakulia alipokuwa akisema. Mimi ndiye niliyekwenda kulia bafuni.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, niliondoka Kiamunyi na gari langu kuukuu. Nyuma nilikuwa na mfuko wa simiti, mchanga kwenye gunia, sepeto na karai. Mama aliketi kwenye kiti langoni akanipa kumbukumbu yake moja pekee ya mazishi. Udongo waliomfunikia mama yake ulikuwa mweupe, na yeye alipiga kelele kwamba wanamzika kwenye unga. Alikataa ugali siku nyingi baadaye, wakadhani ni mgonjwa.

Saa tatu nilikuwa mtaa wa Free Area. Fundi alikuwa amemaliza kuchomelea msalaba wa chuma, herufi za NYAMBURA zimekaa sawasawa, na nikaupakia. Kutoka hapo nilipita dukani kwa Mjomba Kamau, binamu yake Mama, anayeuza chakula cha kuku. Baba yake pia aliwahi kuishi kwenye zile laini. Alinieleza nitafute mabaki ya tangi la maji la mawe, juu ya barabara ya machimbo, kwa kuwa watu walikuwa wakizikwa upande wa chini wa tangi. Halafu akachungulia nyuma ya gari.

"Wanjiru, hiyo simiti iache hapa."

"Ya nini, Mjomba?"

"Unaenda kwa shamba ya watu."

"Naenda kwa kaburi ya cucu."

"Ni hiyo hiyo, kaburi na shamba. Wewe umezaliwa Nakuru na hujui hivyo?"

Nilijua Mjomba anajenga banda jipya la kuku, nikadhani anaumezea mate mfuko wangu. Nikacheka, nikamuaga. Sikio la kufa halisikii dawa.

Baada ya Lanet na Mbaruk, ziwa Elmenteita lilijitokeza upande wa kulia, na flamingo wake wachache pembeni. Barabara hiyo nimeipita tangu nikiwa msichana wa shule. Mara ngapi nimesimama Kikopey, nikala nyama, nikanawa mikono na kuendelea na safari ya Nairobi? Bibi yangu alikuwa amelala hapo juu muda wote huo, dakika chache tu kutoka barabarani, na sikuwahi hata kugeuza shingo. Niliona aibu. Pia nilimtamani, kama mtu anavyoweza kumtamani asiyemjua. Nilitaka kujua kama alikuwa mfupi kama mimi, kama alikuwa na hasira za karibu, kama alikuwa akiimba akichota maji.

Saa tano kasoro nikakata kushoto, nikapanda barabara ya machimbo. Vumbi jeupe lilipaka gari, likapaka majani ya vichaka vya leleshwa kando ya njia. Tangi sikulitafuta sana. Lilikuwa limebomoka nusu, na chini yake palikuwa na nyumba ya mabati, shamba dogo la mahindi na boma la mbuzi. Mwenye nyumba alitoka, mwanamke wa rika langu, leso kiunoni. Anaitwa Mama Chepkoech, na ni Mkalenjin aliyeolewa hapo. Alinikaribisha vizuri mpaka nilipotaja kaburi. Hapo aliniacha nimesimama, akaenda kuangalia nyuma ya gari langu.

"Na hii simiti?"

Nikamweleza, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nikizama.

"Hapa hakuna kaburi," akasema. "Rudi tu."

"Mama Chepkoech, mimi sitaki shamba."

"Hakuna mtu husema anataka shamba. Jirani yangu huko chini walimwomba hivyo hivyo. Akawahurumia, wakajengea kaburi. Mwaka iliyofuata wakakuja na wakili, wakasema angalia, babu yetu ako hapa, hii ni kwetu. Simiti haiondoki, dada. Mimi nikikufa, watoto wangu wataambia huyo wakili nini?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali, kwa kuwa hasira ninazo. Lakini mimi pia nina ploti yangu Kiamunyi. Mtu asiyemjua akifika langoni na simiti, nitamfungulia mbwa kwanza ndipo nimsalimie.

Nikamuuliza kama ningeweza kuona tu.

"Huyo cucu yako alikufa na nini?"

"Akijifungua. Na mtoto pia akaenda."

Uso wake ukalegea. "Mama mkwe alituonyesha. Alisema tusilime hapo, kuna mama na mtoto wake." Akanyoosha kidole kwenye gari langu. "Utaapa. Hakuna simiti, hakuna msalaba, hakuna hata jiwe."

Nilijua nilichotumwa, na nilijua kwamba nikiapa nitakuwa nimeacha nusu ya kazi, ile nusu iliyokuwa muhimu kwa Mama. Nikaapa.

Kaburi lenyewe ni kipande cha ardhi kati ya boma la mbuzi na mahindi, kimeota nyasi fupi, na mbuzi walikuwa wamechimbua ncha moja. Ndani udongo ulikuwa mweupe kabisa. Nilipiga magoti nikaushika, na kweli ni laini kama unga. Nikampigia Mama simu, nikaiweka kwenye spika.

"Umesimamisha?" ndilo lililokuwa swali lake la kwanza.

"Hapana, Mama. Wenyewe hawataki. Nimeapa."

"Mpe simu huyo amekataa."

Mama Chepkoech aliipokea kwa mikono miwili.

"Mwanangu," Mama akasema, "mimi ni mtoto wa huyo amelala hapo kwako."

"Ndio, kogo," akajibu, akimwita bibi kwa Kikalenjin. "Pole."

"Simiti umekataa, na hata mimi ningekataa. Lakini huo msalaba ulikuwa wa jina. Sasa hiyo jina nitaweka wapi?"

Mwenyeji wangu aliangalia mbuzi, akaangalia nyasi. "Anaitwa nani?"

"Nyambura."

Akalirudia polepole, kama mtu anayejifunza. "Kogo, mimi kila asubuhi nakuja hapa kukama. Nitakuwa nikimsalimia."

"Kwa jina?"

"Kwa jina."

Kabla sijaondoka alinipa chai ya maziwa ya mbuzi na namba yake ya simu, akanifungia na mayai. Saa kumi nilikuwa nimerudi Kiamunyi na mzigo wangu wote. Mama alinisikiliza mwanzo hadi mwisho, akauliza nyasi zina urefu gani, kisha akageukia ukuta. "Ahadi ya simu," akasema. Wiki nzima alikula kidogo. Simiti tulisakafia banda la kuku la Mjomba, nami nikakiri kwake kwamba alisema kweli. Niliyojifunza si mengi: kwamba marehemu wetu wanalala kwenye riziki ya watu wengine, na anayekwenda kuwatafuta huko aende mikono mitupu.

Jumapili ya wiki iliyofuata, kabla ya kujiandaa kwenda kanisani, Mama aliniita chumbani. "Mpigie huyo msichana. Tujue kama ni mdomo tu."

Mama Chepkoech alipokea akihema. "Sijamfikia bado leo, ndio natoka. Ngojeni."

Tulisikia mlango wa mabati, tukasikia mbuzi na ndoo. Kisha sauti yake ikapaa, kama ya mtu anayemsalimia jirani ng'ambo ya ua.

"Chamgei, Nyambura!"

Hiyo ni salamu ya Wakalenjin, na Mama aliisikia utoto wake wote kwa majirani wa Molo. Salamu hiyo haiachwi bila kuitikiwa. Alininyang'anya simu, akaisogeza mdomoni kwa mikono yote miwili, akaitikia badala ya mama yake.

"Chamgei mising," akasema. "Mising."