Misimu Isiyotajwa Motoni

Moshi wa gome la mti wa muyombo ndio unaonirudisha Kwihara, siku ambazo Baba alichuna magome ya kutengenezea mizinga na ua wote ukanuka nta. Mwaka ule miti ya porini ilichanua mpaka nyuki wakasikika kisimani. Nilikuwa kidato cha pili, nimetoka kufundishwa grafu, na kichwa kimenivimba. Misimu yote niliyosikia Baba akiisimulia motoni niliigeuza nukta: wingi wa maua kwa chini, madebe ya asali kwenda juu. Nukta zikakaa karibu na mstari mmoja, zikipanda. Nikamwambia Baba aache mahindi, atundike mizinga tu.

“Baba Mihayo, utawalisha watoto mstari?” Mama alimuuliza Baba. “Asali ikikosekana, Kabula ataenda Bukene kwa shangazi yake. Chakula hakitatutosha wote.”

“Si tumemsomesha wenyewe? Tumsikilize.”

Kabula, mdogo wangu, alicheka. “Kaka, chora na ugali basi.”

Mvua zikanyesha, shamba lisilolimwa likaota majani. Wakati wa kurina Baba alikwenda kambini porini, nasi tukabaki kutazama njia. Asali ikiwepo, alikuwa akirudi kwa miguu akisukuma baiskeli, madebe yameilemea. Jioni moja Kabula alisimama ghafla mlangoni. Nikachungulia. Baba alikuwa amepanda baiskeli, anakanyaga.

“Nyuki wamehama,” alisema. “Huhama hata maua yakiwa tele. Si mara ya kwanza.”

“Mbona hukuwahi kusema?”

“Msimu wa kukosa hatuutaji motoni, mwanangu. Tunaogopa kuuita.”

Mstari wangu ulinyooka kwa sababu nukta mbaya hazikuwahi kunifikia, na mimi sikuuliza. Kabula akapandishwa treni ya Bukene na kifurushi chake. Alikulia huko, na kila aliporudi kwetu alisubiri kukaribishwa kiti, kama mgeni.

Siku hizi mjukuu wake wa kike hunitembelea hapa Itetemia. Anafanya kazi na wafugaji wa nyuki. Juzi, baada ya shikamoo, alinionyesha kwenye simu nukta za namna ileile, za mvua na asali. Mimi grafu yangu niliihangaikia juma zima kwa penseli. Yake ilijichora kufumba na kufumbua, na mstari wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

“Babu, unaona mstari unavyotabiri?”

“Naona. Waliokosa asali umewauliza?”

“Hao huwa hawaji mkutanoni tunakokusanya takwimu.”

Nilimrudishia simu. “Basi wafuate majumbani, mama, kabla hujamwambia mtu aache shamba.”