Kiti cha Mteja

Shangazi yangu anafagia ukumbi wa mikutano tangu enzi ukumbi wenyewe ukinuka rangi mpya. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa, lakini amelea wa watu, mimi nikiwamo, na chochote kichanga kikilia karibu naye kinapata pa kulala. Kazini wanamwita Mama Dekio. Yeye hajali. Anasema afadhali jina la kitu kinachofanya kazi. Kuna wengine pale wanaitwa wakurugenzi.

Kila mwaka hukutana hapo mawakili wanaotetea wanyama mahakamani. Ni watu wenye huruma nyingi mno. Mimi huwapelekea chai, na nimewaona wakimlilia punda wa kwenye picha, huku mmoja wao amenikanyaga kidole na hajajua mpaka leo. Wana desturi yao: jukwaani huwekwa kiti kitupu, kimefunikwa mahameli mpaka sakafuni. Ni kiti cha mteja, yaani mnyama, ambaye kesi zote ni zake ila mwaliko hapewi. Hakuna wa kukikalia wala kukigusa. Hata kukifuta vumbi, shangazi huomba ruhusa.

Mwaka huu, wiki ileile ya mkutano, paka wa stoo akazaa ndani ya boksi la karatasi za chooni. Asubuhi ya ufunguzi meneja akaliona, akashika kiuno. Paka mama akachomoka mbio, watoto wakabaki.

"Mama, hawa watoke leo. Wageni wa leo si wa kuonyeshwa paka."

"Bosi, si ndio wanaowatetea?"

"Wanawatetea mahakamani, sio stoo. Mgeni mmoja akianza kupiga chafya nitamwambia nini? Mlinzi atawatia kwenye gunia, pa kuwatupa anapajua."

"Hata macho hawajafumbua."

"Basi hawataona wanakopelekwa."

Akaenda kunyoosha bango la mlangoni, lililoandikwa kwamba kila kiumbe kina haki ya kusikilizwa.

Mlinzi ni mtu mwema, ila amri ni amri. Alilitafuta gunia polepole iwezekanavyo. Aliporudi, boksi lilikuwa tupu na shangazi alikuwa anapiga deki kwa bidii ya kutia shaka.

"Umewaweka wapi, mama?"

"Pasipoguswa, baba."

Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye miwani machoni na mingine kichwani, akafungua mkutano. Akaomba ukumbi unyamaze, tuwasikilize wasio na sauti. Tukanyamaza. Chini ya mahameli kikatoka kilio chembamba, kama bawaba inayodai mafuta. Kikafuata kingine.

Mwanangu wa kunyonya nilikuwa nimemwacha kwa jirani, maana meneja hataki watoto wachanga mbele ya watetezi. Kusikia sauti ile, maziwa yakanitoka yenyewe, nikaifunika blauzi kwa trei. Shangazi alikuwa mlangoni, amekumbatia dekio lake. Meneja alikitazama kiti, kisha akamtazama shangazi.

Ndipo ukumbi mzima ukasimama na kupiga makofi.

Walidhani ni kinasa sauti kilichotegeshwa ili kuwagusa mioyo. "Mwaka huu mmetuweza," mgeni mmoja aliniambia, anafuta macho huku anaongeza sukari. "Unasikia kabisa kwamba ana njaa."

"Ana njaa kweli," nikamjibu.

"Ufundi wa hali ya juu," akasema, akachukua kitumbua cha pili.

Mwenyekiti akamshukuru meneja hadharani kwa ubunifu wake. Meneja akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu aliyekesha akibuni. Watoto wa paka wakaendelea kulia, na wageni wakalia nao.

Walipotoka kwenda kula, shangazi akapanda jukwaani na ndoo yake. Meneja akamuwahi.

"Waache hapohapo, mama. Mwenyekiti anataka sauti irudiwe wakati wa kufunga."

"Mama yao hajawanyonyesha tangu asubuhi."

"Si ndiyo maana sauti inatoka vizuri?"

Shangazi aliweka ndoo chini. Kisha akavua kilemba, akakitandika ndani ya ndoo, akawapanga watoto mmoja mmoja.

"Asubuhi ulisema watoke leo, bosi. Mimi natii."

Meneja alitaka kubisha, lakini mwenyekiti alikuwa anarudi kufuata mkoba wake, ikabidi meneja atabasamu.

Getini sisi wafanyakazi hukaguliwa. Mlinzi akachungulia ndani ya ndoo, ndoo ikalia.

"Maji machafu hayo," akasema. "Pita, mama." Paka mama akatoka uvunguni mwa gari la mwenyekiti, akaifuata ndoo njia nzima.

Jioni kiti kikaombwa kuzungumza, kikakaa kimya. Mwenyekiti akasema kimya hicho ndicho kinachoumiza zaidi, wakapiga makofi tena. Nilipofika nyumbani kwa shangazi nikaketi kumnyonyesha mwanangu. Chini ya kitanda paka naye alikuwa kazini. Shangazi akatuambia tusisumbuane.

Kesho yake meneja alimfuata ukumbini, sauti laini kama sabuni.

"Mama, ile programu yetu, mwakani tunaweza kuirudia?"

"Mwakani tafuta punda, bosi," akamjibu, akaanza kukifuta vumbi kiti cha mteja. Safari hii hakuomba ruhusa.