Nywele Zilinyonyoka kwa Vidonge, Nami Nikanyamaza

Ndugu yangu unayesoma, kosa ni langu. Usinitafutie visingizio, nimeshavitafuta mwenyewe vikaisha.

Napika chakula machimboni Nyarugusu. Ngozi ilipoanza kutoa magamba meupe, viwikoni mpaka kichwani, nikavaa mikono mirefu na kukaza kilemba. Daktari mmoja Geita mjini akasema ni soriasisi, haiambukizi. Akanipa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, akanionya, "Nywele zinaweza kupungua. Zikizidi, rudi."

Zilipukutika, jamani! Sikurudi. Nikamwambia mume wangu, Baba Kabula, "Usimwambie mtu naumwa ngozi. Nani atakula ugali wangu?" Akaniahidi.

Yeye alikuwa na duara, shimo lake la dhahabu. Mwezi huohuo likatema. Dhahabu ya kweli! Siku moja naepua sufuria, kilemba kikavuka, watu wakaona upara. Weee! Maneno yakaanza: Baba Kabula kapeleka nywele za mkewe kwa mganga, kafanya ndagu apate utajiri, na kafara inayofuata ni wachimbaji wake.

Alikuja jikoni, amenyong'onyea. "Mama Kabula, niseme?"

"Subiri kidogo, yatapita."

Sijui nilikuwa na roho gani! Vijana wake wakaacha kazi mmoja mmoja. Hakuna aliyekubali kushuka naye. Akashuka peke yake, hana hata wa kumshikia magogo ya kuzuia ukuta. Kifusi kikamfukia.

Siku ya kuanua matanga wafiwa tulinyolewa. Wembe ulipofika kwangu hapakuwa na cha kunyoa. Mama mkwe akanipigia magoti, mtu mzima yule, analia. "Mkwe wangu, msamehe mwanangu kwa alichokufanyia."

Mungu wangu! Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikawatazama wateja wangu waliojaa msibani, nikajibu, "Nimemsamehe, mama."

Vidonge nimeacha, nywele zimeota. Mama mkwe akija huzishika, anashukuru Mungu, eti nimepona uchawi wa mwanawe. Nami nainamisha kichwa azishike vizuri. Mshenzi mimi!

Wewe ambaye dawa inakunyonyoa nywele, rudi kwa daktari, na uwaambie watu ni dawa. Wakikimbia ugali wako, waache wakimbie. Sema mapema, mwenzio akiwa bado yupo hapo jikoni, anakuuliza, "Niseme?"