Samli Niliyopaka Mashine ya Galgalo

Hii aibu nimeibeba mpaka nikapata wajukuu, na mwenye kucheka acheke sasa, amalize, halafu asikilize.

Miaka ya themanini kijana wangu Galgalo alirudi hapa Isiolo kutoka chuo cha ufundi, akajifungia chumbani na ubao mdogo umejaa vidude vya chuma. Nikamuuliza hii ni nini, akasema, "Aayo, mama yangu, hii inakuza sauti, lakini sauti nyembamba zinapotea. Wengine wanaziokoa kwa koili ya waya. Mimi nataka siku moja yote iingie ndani ya kitu kama punje ya mahindi, na koili haiingii huko. Kwa hivyo sauti ikishatoka nachukua kidogo, nairudisha mwanzo. Nguvu inapungua, lakini nene na nyembamba zote zinapita." Mimi sikusoma, lakini hiyo nilielewa: ndama akiachiwa anyonye kidogo, unakosa maziwa kiasi lakini ng'ombe anakubali kukamuliwa.

Mhandisi mmoja wa Nairobi, akipita kwenda Marsabit, alikubali kusimama kwetu aione hiyo mashine. Ikimpendeza, atamchukua Galgalo kazi. Mlango mwingine hatukuwa nao.

Asubuhi hiyo nilikaanga buna (kahawa na maganda yake ndani ya samli ya chumvi, vile sisi Waborana tunafanya tukiomba heri), nikampaka Galgalo hiyo samli kwa paji la uso, na alipotoka kupokea mgeni nikaona ule ubao mezani, uko uchi, nikasema huyu naye yuko safarini, nikampaka. Kote.

Mhandisi akaketi, majirani wakajaa mlangoni, Galgalo akawasha. Ukatoka mluzi usioisha, hata akichomoa waya wa kuingiza sauti bado unalia, na nyumba ya pili redio ya Mama Halima ikaanza kulia vivyo hivyo, na ya tatu, mpaka watu wakaja kuuliza ni nani anapiga mluzi ndani ya habari zao.

"Galgalo, umetengeneza mashine ama umefuga nyoka?" Mama Halima akasema.

Galgalo anagusagusa waya. "Inarudisha sauti vibaya," anasema, "jana haikuwa hivi."

Hapo ningenyamaza, ingebaki siri. Lakini mimi sijui kukaa chini jambo likiharibika, nikaamka, nikachota samli, nikasema baraka haijatosha, na mbele ya wote nikaongeza, na bangili yangu ya shaba ikalala juu ya waya za betri. Cheche, moshi, nyumba nzima ikanuka kahawa.

Mhandisi akagusa ubao, akanusa kidole. "Nani amepika hii?"

Galgalo hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniua. "Ni mama yangu," akasema. "Alikuwa ananiombea."

Watu wakacheka mpaka barabarani. Mhandisi hakucheka. Aliangalia saa, akasema Marsabit ni mbali, akaenda, na wakati wa kurudi hakusimama.

Vile vidude vilivyoungua havikupatikana tena, na Galgalo hakutafuta sana. Mpaka leo anatengeneza redio za watu hapo sokoni, zile za koili. Jioni akija kula anainamisha kichwa nimbariki, nami nambariki kwa mdomo tu, mikono nimeificha ndani ya leso.