Piko ya Dada Zuhura

Hadi leo nikipita karibu na saluni nikasikia harufu kali ya dawa ya nywele, humwona dada yangu Zuhura amekaa mkekani kwetu Mtongwe, mikono kainyosha mbele. Mliokulia pwani mwajua: hina ni nyekundu, maua meusi ni ya piko. Miaka ile ya themanini wapambaji wengi walikuwa wakiichanganya piko kwa unga wa kutia nywele weusi, maana ulishika upesi na kung'aa.

Zuhura alikuwa aolewe kesho yake. Bi Mwanakombo, mpambaji wa mtaa wetu, alimchora maua tangu vidoleni hadi viwikoni. Kwa kuwa mikono ya bibi harusi haigusi kitu, kazi yangu ilikuwa kumlisha biskuti, na sikatai, nyingi ziliishia kinywani mwangu.

Alasiri Zuhura akaanza kujipinda. "Mama, yaniwasha," alisema. Kisha: "Mama, yanichoma!"

Bi Mwanakombo akacheka. "Yakolea hiyo! Ikikolea sana ndio mume akupenda sana. Ukitaka uzuri sharti udhurike, mwanangu."

Mama alikuwa na wasiwasi hata hivyo. Binti wa jirani, msichana mweupe, aliwahi kupakwa piko hiyo hiyo mkono ukamwiva kama pilipili, wakamwosha papo hapo. Basi Mama akamsogeza Zuhura dirishani, akatafuta wekundu kati ya maua. Ngozi ya dada ilikuwa nyeusi ya kupendeza, na wekundu haukuonekana. "Hamna kitu," akasema, akapumua. Mimi nilipomgusa kiganja kilikuwa cha moto, nikaogopa, lakini nani amsikilize mtoto penye watu wazima?

Asubuhi kila ua lilikuwa limefura malengelenge. Vidole vilivimba hata pete haikuingia. Wakamfunika mikono kwa leso mpya, na majimaji yakapenya kitambaani huku wanawake wakipiga vigelegele. Mama hakutia kitu kinywani siku ile.

Vidonda vilipona, makovu yakainuka, yakafuata kila jani na kila ua. Hayajaondoka.

Mama alikuwa akisema ngozi ya Zuhura ilitudanganya, nami nilimwamini miaka mingi. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba dada alitwambia kwa mdomo wake mwenyewe, na sisi tukauangalia mkono.