Kigari cha Vuai na Mafuta ya Makonyo

Ndugu yangu Vuai Nyange alizaliwa hapa Gando, kisiwani Pemba, mwaka wa Mapinduzi, nami nilikuwa mkubwa wa kutosha kutumwa kwenda kumwita mkunga. Namjua tangu kilio chake cha kwanza, kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba mapenzi ya magari ameyapata ukubwani. Miaka ile ya shida, unga kwa foleni na sabuni kwa foleni, Vuai hakuwa na viatu lakini alikuwa na gari. Bodi lake kopo la maziwa, magurudumu yake ndala zilizokatika. Mama akimwita kula, anajibu kutoka uani, "Naja, tairi moja limelegea."

Alipokua akawa dereva wa lori la karafuu. Njia zote za mashamba ya kaskazini alizipita, kwenye mawe na makorongo, msimu kwa msimu, mpaka kiuno kikamkatalia. Daktari akamwambia usukani basi. Akakaa barazani karibu mwaka mzima akisikiliza magari yanayopita, na kila likipita anatwambia giya zake zina ugonjwa gani. Chakula kikichelewa anasema, kikiwahi anasema. Mkewe Kazija alichoka naye.

Ndipo Siti, binti yao aliyeolewa Maskati, alipomtumia baba yake kigari cha rimoti. Usidhani ni kile cha watoto cha kuzunguka sakafuni. Hiki kilikuwa bagi, gari la kushindania njia mbovu, urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole, magurudumu yana meno, na kila gurudumu lina shokapu yake ndogo iliyojaa mafuta, ya kulainisha mtikisiko. Vuai alikigeuza miguu juu na kukitazama tumbo kabla hata hajakiwasha.

Tangu siku hiyo hatukumsikia tena akinung'unikia chakula. Kila akitoka kukikimbiza alikifungua chote. Mchanga aliutoa kwa mswaki, mota aliipuliza kwa mdomo, na beringi, vipete vile vya chuma vinavyolainisha mzunguko wa magurudumu, alizichovya kwenye mafuta ya taa kwa sababu chumvi ya pwani huzila upesi. Mota iliyokuja nacho akaiona dhaifu, akaomba nyengine kwa Siti. Tairi zikaisha meno, akazichonga upya kwa wembe. Vijana wa Wete waliokuwa na vigari vyao walianza kuja kushindana naye kwenye bonde letu la mpunga wakati wa ukavu. Aliyekipenda kigari cha Vuai kuliko wote ni Masika, fundi simu, kijana mrefu mwenye maneno mengi. Kila akija lazima akishike.

Sasa ikawa hivi. Beringi zikishaoshwa lazima zianikwe, na Vuai hakuona pa kuzianika ila kwenye uteo wa Kazija wa kupetea mchele.

"Baba Siti," Kazija akamwambia siku moja, nami nimekaa hapo hapo, "wali wa jana ulikuwa na ladha ya mafuta ya taa."

"Ndiyo maana leo umeamka unang'ara."

Kazija hakucheka. "Nisikilize basi. Idi pili mnashindana bondeni. Kigari chako kikimaliza mizunguko yote, mie siulizi tena, hata ukikilaza kitandani. Kikikwama njiani, unampa Masika. Nami nirejeshewe mume wangu na jiko langu."

Nilidhani Vuai atalijibu hilo nalo kwa mzaha. Akakifuta kigari kwa pembe ya shuka, kisha akasema, "Haya. Dada ndiye shahidi." Moyo wangu ukaniuma. Nilimjua alivyokuwa mwaka ule wa barazani, na nilijua kwamba ndugu yangu akishatoa ahadi harudi nyuma.

Kuelekea Idi shokapu zikaanza kuvuja. Mafuta yake ya asili yalikuwa yamekwisha na Maskati ni mbali. Vuai akafikiri kama anavyofikiri Mpemba yeyote. Kwetu jino likiuma ni mafuta ya makonyo, haya yanayopatikana kwa kuchemsha vikonyo vya karafuu. Mtoto akipata kifua ni hayo hayo. Yeye mwenyewe kiuno chake alikuwa akikisugua nayo kila jioni, na chupa ipo chini ya kitanda.

"Dada," akaniambia akiimiminia shokapu ya mwisho, "kama yanalainisha kiuno changu mimi mzima, yatashindwa na kiuno cha hiki?"

Mie nikaona ana akili. Kazija pia akaona. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona vyengine.

Asubuhi ya Idi mosi, wanaume waliporudi kuswali, nyumba nzima ilinukia kama kambi ya wachumaji karafuu. Vuai akafurahi, akakibonyeza kigari mgongoni kwa kidole. Kikazama. Kikabaki huko huko. Mipira ya ndani ya shokapu ilikuwa imevimba kama maharage yaliyorowekwa, na plastiki imelainika, ukiigusa inakunatia kidoleni kama halua haijaiva. Mafuta yale yalikuwa yameila.

"Kimeyeyuka," akasema, polepole, kama mtu anayetoa habari ya msiba.

Kazija alikuwa ameshika sahani ya tambi. Alitazama kigari, akamtazama mumewe, akaiweka sahani mbele yangu na kurudi jikoni. Angeweza kusema. Hakusema, na mie nikampenda kwa hilo.

Vuai alikaa na kigari kile mapajani kwa muda. Wageni wa Idi wakaanza kuingia, mikono ikatolewa, yeye anaitikia salamu huku macho yake yapo kwingine. Mara akauliza, hakumuuliza mtu hasa, "Lori langu lilikuwa na shokapu?"

"Mie nitajuaje?" nikamwambia.

"Halikuwa nazo. Lilikuwa na springi tu, za pasi juu ya pasi, chuma bapa kimoja juu ya chengine, na linabeba magunia ya watu hadi leo."

Akenda ghalani akaja na mkanda wa bati uliofungia balo la mitumba. Akaukata vipande kwa mkasi wa bati, kirefu chini, kifupi juu yake, kifupi zaidi juu ya hicho, akavikunja kidogo kwa nyundo na kuvifunga kwa waya. Kanzu yake mpya ya Idi, mafuta hadi viwikoni. Wageni walikula, wakaaga, wakaja wengine, yeye yuko sakafuni.

"Kanzu hiyo, Baba Siti," Kazija akasema mlangoni.

"Kanzu itafuliwa, Mama Siti. Leo nna mgonjwa."

Idi pili alasiri bonde lilijaa watu. Njia ilipita juu ya kingo za majaruba na kushuka kwenye mabua ya mpunga, mizunguko mitatu. Vigari vyengine viliondoka kama mishale. Cha Vuai kikafuata kwa mwendo wa kuyumba, kinainama kulia, kinainama kushoto, vile lori lililobeba karafuu lilivyo.

"Mzee Vuai," Masika akamtania, "kimebeba gunia ngapi?"

"Weye angalia chako, yakhe, kisije kikakuangukia."

Na kweli, kwenye ukingo wa pili cha Masika kilirukia hewani kikaangukia mgongo. Cha mwengine kikajikita kwenye tope. Cha Vuai hakikuruka. Kilipanda kila ukingo taratibu, kikashuka, kikaendelea. Watu wakaanza kukipigia makofi. Nilimtazama Kazija. Alikuwa ameng'ata pembe ya kanga, na kila kigari kikiinama anainama nacho.

Mzunguko wa tatu, mwisho upo wazi mbele yetu, gurudumu moja la mbele likanyofoka. Springi zilikuwa nzima. Kilichokatika ni mkono wa plastiki unaoshika gurudumu, uliodondokewa na mafuta ya makonyo. Kigari kikajizungusha pale pale, kikasimama.

Vuai akakifuata, akaliokota gurudumu kwanza, kisha kigari. Akenda moja kwa moja kwa Masika na kumpa vyote pamoja na rimoti. "Niliahidi," akamwambia. Masika alidhani ni utani, akacheka, hata alipouona uso wake akaacha.

Siku zilizofuata nyumba ile ilikuwa safi na kimya. Vuai alirudi barazani. Chakula kikija anakula, akimaliza anashukuru, na hilo ndilo lililomtisha Kazija. Alinijia kwangu, akakaa, akasema amekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, kisha akaenda zake bila ya mbuzi.

Ijumaa moja Masika akatokea na wenzake wawili, kila mmoja na kigari kwapani.

"Shikamoo, Mzee Vuai. Mkono nimeuweka mpya, lakini springi zako zimepinda, siziwezi. Na hawa nao wanataka springi za lori."

Vuai alikitazama kigari. Niliona vidole vyake vikicheza. Akavificha chini ya mapaja. "Kitu si changu tena, Masika. Wala ruhusa si yangu."

Basi sote tukamgeukia Kazija, aliyesimama mlangoni na mwiko mkononi. Vijana wakatazama chini.

"Mie nlisema akitoe," akasema mwisho. "Nlisema asikitibu?" Akasogea kando ya mlango. "Ingieni naye ndani basi. Hapo barazani pana umande wa sakafu, kitamuuma tena kiuno."